Sifuri Imeingilia Wapi?

Programu ya simu inapoanguka, angalau huacha alama. Android huandika kwenye logi jina la hitilafu, faili na mstari ilipotokea, pamoja na mlolongo mzima wa miito iliyoitangulia, na msanidi aliyezoea kusoma logi hufika penye kosa bila kuzunguka sana. Orodha inayobaki tupu haiachi kitu cha namna hiyo. Ukurasa unafunguka, kichwa cha habari kipo, vitufe vinabonyezeka, na pale mistari ilipotakiwa kujipanga pana weupe mtupu. Kwa upande wa mashine hakuna kilichoharibika: iliambiwa ichore vitu vyote vilivyomo kwenye orodha, ikavihesabu, ikapata sifuri, ikachora sifuri. Hoja ya sura hii ni kwamba weupe ule ni jibu, tena jibu lenye namba. Kama hifadhidata ina mistari 12 na kioo kina 0, basi ipo hatua moja kati yake ambapo 12 iliingia na 0 ikatoka. Anayetafuta kosa hana kazi nyingine kabla ya kuijua hatua hiyo. Na akishaijua, ana deni la pili ambalo wengi hawalilipi: kuuandika msimbo upya ili sifuri iliyotokana na kosa isifanane tena na sifuri ya kweli.

Ili jambo hili lishikike, tuchukue programu ya kikoba yenye ukurasa wa michango. Mwanachama analipa, mhazini anathibitisha, na mstari mmoja unaongezwa kwenye hifadhidata ya seva: jina, kiasi, tarehe. Mwanachama mwingine anapofungua ukurasa ule, simu yake hutuma ombi. Seva huisoma mistari, huichuja, huigeuza kuwa maandishi ya JSON na kuyatuma. Simu huyapokea maandishi, huyageuza kuwa objekti, huzipanga kwenye orodha iliyo kwenye kumbukumbu, huikabidhi orodha hiyo kwa adapta, na adapta huitengenezea kila objekti mstari wa kuonekana. Kwenye Android kazi hii ya mwisho hufanywa mara nyingi na RecyclerView, iliyotolewa mwaka 2014 kuchukua nafasi ya ListView iliyokuwapo tangu toleo la kwanza. Sifa yake kubwa ni ubahili. Orodha ikiwa na mistari 1,000 na kioo kikatosha 10, RecyclerView hutengeneza michache tu, na mstari unaotoka juu hujazwa maneno mapya ukarudishwa chini. Ndiyo maana simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu ndogo hupitisha orodha ndefu bila kukwama. Lakini ubahili huo umejengwa juu ya mgawanyo mkali wa kazi: RecyclerView haijui data inatoka wapi, adapta haijui kama orodha iliyopewa ni ya mwisho au bado inajazwa, na sehemu ya mtandao haijui kama kuna kioo kinachoisubiri. Kila mmoja anaweza kutimiza wajibu wake kikamilifu na ukurasa ukabaki mweupe.

Mgawanyo huo ndio unaofanya dalili moja iwe na vyanzo vingi visivyohusiana hata kidogo. Anwani ya seva inaweza kuwa na makosa. Jibu linaweza kuchelewa. Jina la sehemu kwenye JSON linaweza kutofautiana na jina kwenye klasi. Adapta inaweza kuwa imeshika orodha nyingine. RecyclerView inaweza kuwa na urefu wa sifuri. Maandishi yanaweza kuwa meupe juu ya mandhari nyeupe. Kuna wanaosema kwamba wingi huu wa vyanzo ndio sababu ya kuanza na tiba zinazojulikana: ongeza ruhusa ya intaneti, ita notifyDataSetChanged, yaani amri ya kuchora orodha upya, kila mahali, ruhusu mawasiliano yasiyosimbwa, badilisha urefu, jaribu tena. Hoja yao ina nguvu kiasi, kwa sababu makosa ya kawaida ni ya kawaida kweli, na tiba ya kubahatisha mara nyingine hupata. Tatizo ni kile kinachobaki isipopata. Anayeruhusu HTTP tupu kwa programu nzima ili kujaribu bahati, halafu akakuta kosa lilikuwa kwenye jina la sehemu, kwa kawaida hairudishi ile kinga aliyoiondoa. Programu inakwenda sokoni ikiwa na mlango wazi ambao haukuwa na kazi yoyote. Ruhusa isiyohitajika inabaki kwenye manifesti, faili linalotaja ruhusa za programu, bila sababu yoyote. Tiba tano zilizorundikwa pia huficha ni ipi iliyoponya, na hitilafu ikirudi mwezi ujao msanidi yuko palepale alipokuwa mwanzo.

Njia yenye uhakika ni kuhesabu, na mahali pazuri pa kuanzia ni katikati, kwa sababu kila hesabu huondoa nusu ya safari. Katikati ya safari hii ni funksheni ya adapta iitwayo getItemCount. RecyclerView huiuliza adapta: una vitu vingapi? Andika jibu lake kwenye logi. Likiwa 0, kioo, rangi, urefu na mpangilio wa mstari havina hatia, na hakuna haja ya kufungua faili la muundo wa ukurasa. Kosa liko nyuma, kwenye data. Likiwa 12, data imefika salama na seva haina kesi ya kujibu. Kosa liko mbele, kwenye kuchora. Swali moja, na nusu ya vyanzo vimeanguka. Nashangaa jinsi hatua hii ndogo inavyorukwa na watu wenye ujuzi, wanaotumia mchana mzima kupekua msimbo wa mtandao ilhali adapta yao imeshika vitu 12 muda wote.

Upande wa kuchora, swali la pili linafuata kwa urahisi: je, onBindViewHolder, ile funksheni inayojaza maneno kwenye mstari, inaitwa? Kama adapta inasema ina vitu 12 na funksheni hii haiitwi hata mara moja, basi RecyclerView haina mpangaji wa mistari, au haikupewa nafasi ya kupanga. Mpangaji asipowekwa, RecyclerView haiangushi programu. Huandika kwenye logi kwamba haina mpangaji na hivyo inaruka upangaji, kisha inaendelea na maisha. Urefu ukiwa sifuri haiandiki kitu kabisa, kwa sababu kwa hesabu zake nafasi ya kujaza imekwisha kabla ya mstari wa kwanza. Kama onBindViewHolder inaitwa na bado hakuna kinachoonekana, mistari ipo ila jicho haliioni: rangi za maandishi na mandhari zimelingana, jambo linalotokea sana simu ikiwa kwenye hali ya giza, au kuna kitu kingine kimelala juu ya orodha, au maneno hayakuwekwa kwenye sehemu yake. Kifaa cha Layout Inspector ndani ya Android Studio huonyesha mistari hiyo na vipimo vyake. Hapa pana kosa la jirani linalowachanganya wengi: mstari ukipewa urefu wa kujaza mzazi wake, kila kitu kimoja kinachukua kioo kizima, na mtu anaamini orodha ina kitu kimoja tu kumbe vingine 11 viko chini akiteleza kidole.

Kuna ujumbe mmoja kwenye logi unaostahili onyo la peke yake. Unasema hakuna adapta iliyoambatishwa na kwamba upangaji umerukwa. Anayeuona huku orodha yake ni tupu huamini amempata mhalifu. Lakini ujumbe huo hutokea kila RecyclerView inapopangwa kabla adapta haijawekwa, na programu nyingi zilizo salama kabisa huweka adapta baada ya data kufika kutoka mtandaoni. Katika programu hizo ujumbe huonekana mara moja mwanzoni, data inafika, adapta inawekwa, mistari inatokea. Ujumbe uleule, hatima mbili. Ndiyo maana kusoma logi bila kuhesabu hakutoshi: logi inasema kilichotokea kwa sekunde fulani, na swali letu ni kama hali hiyo iliendelea.

Hapo tunagusa muda, ambao kwa maoni yangu ndio chanzo kinachoeleweka vibaya kuliko vyote. Tangu Android 3.0 ya mwaka 2011, programu inayofanya kazi ya mtandao kwenye uzi mkuu, yaani uzi unaochora kioo, hukatazwa na mfumo kwa hitilafu ya wazi. Katazo hilo ni la haki, kwani kioo kingeganda kila seva inapochelewa. Matokeo yake ni kwamba ombi la mtandao hutumwa pembeni, na mistari ya msimbo iliyoandikwa baada yake hutekelezwa papo hapo bila kusubiri jibu. Msanidi anaandika: omba michango, weka michango kwenye orodha jibu likirudi, unda adapta, andika idadi kwenye logi. Kwa macho, amri zinafuatana. Kwa saa, hazifuatani: logi inaandika 0, adapta inaundwa na orodha tupu, na baada ya robo sekunde au sekunde nne, kutegemea mtandao, michango 12 inaingia kwenye orodha ambayo hakuna aliyeambiwa aichore upya. Anayeona ile 0 kwenye logi hudhani seva imerudisha sifuri, akaenda kuitesa seva bure. Hesabu iliyochukuliwa mahali pasipofaa hupotosha kuliko kukosa hesabu. Basi kila namba iandikwe pamoja na wakati wake na jina la hatua: ombi limetumwa, jibu limefika lina 12, orodha ina 12, adapta imeulizwa ikajibu 0.

Mfuatano huo wa mwisho, orodha ina 12 na adapta inajibu 0, ni wa kuutazama kwa karibu, kwa sababu unaonekana kama muujiza. Maelezo yake ni kwamba kuna orodha mbili. Adapta ilipoundwa ilipewa orodha ya kwanza, iliyokuwa tupu, ikaishika. Jibu lilipofika, msanidi hakuijaza ile ya kwanza. Alikichukua kile kigezo chake na kukielekeza kwenye orodha mpya iliyotoka mtandaoni. Jina ni lilelile, orodha ni nyingine. Adapta bado imeshika ile ya zamani, na notifyDataSetChanged hata ikiitwa mara mia itachora upya utupu uleule kwa uaminifu. Kinyume chake nacho kipo. ListAdapter, aina ya kisasa zaidi inayolinganisha orodha ya zamani na mpya ili kuchora tofauti tu, ikipewa kupitia submitList orodha ileile iliyo nayo tayari huona hakuna kilichobadilika na kuacha, hata kama ndani yake vimeongezwa vitu 12. Kwa hiyo msanidi wa adapta ya kawaida huadhibiwa kwa kuleta orodha mpya bila kuikabidhi, na wa ListAdapter huadhibiwa kwa kurudisha ya zamani. Jetpack Compose, njia mpya ya kuchora kioo kwenye Android iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2021, haikuliondoa jambo hili: orodha ya kawaida ya Kotlin ikiongezwa vitu haimwamshi mchoraji, mpaka iwe orodha ya aina inayofuatiliwa. Hata kwenye iPhone, UITableView hukishika chanzo chake cha data kwa mkono dhaifu kwa makusudi. Kama hakuna mwingine anayekishika, kumbukumbu yake huachiliwa, na jedwali linabaki bila wa kumuuliza. Majukwaa ni tofauti, makampuni ni tofauti, na kosa ni moja: aliyeshika data na anayeulizwa data si yule yule.

Hesabu ikionyesha 0 hata kabla ya adapta, tunarudi nyuma hadi kwenye mtandao, na hapa kosa la kawaida limo ndani ya dhana ya kufaulu. Maktaba ya Retrofit, inayotumiwa na programu nyingi za Android, ina njia mbili za kurudisha matokeo: onResponse na onFailure. Jina la pili linamfanya mtu aamini kwamba kila ubaya utapita huko. Haupiti. Seva ikijibu 404 au 500, Retrofit huita onResponse, kwa sababu jibu limepatikana, hata kama ni jibu la kukataa. Mwili wa data unakuwa hauna kitu, na msimbo usiouliza kwanza kama jibu ni la mafanikio huchukua ule utupu na kuupeleka mbele. Upande wa onFailure nao mara nyingi umeachwa bila hata mstari mmoja, kwa ahadi ya kuujaza baadaye. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, programu zinazolenga toleo hilo na kuendelea hukataliwa kuwasiliana kwa HTTP isiyosimbwa isipokuwa zimeruhusu wazi, na katazo hilo huangukia ndani ya onFailure. Palipo patupu, katazo humezwa. Mfumo ulisema sababu kwa maneno kamili, na msimbo ukauziba mdomo.

Utafsiri wa JSON una kimya chake. Seva inatuma sehemu iitwayo "michango_yote" na klasi ya kwenye simu inasubiri "michango". Maktaba ya Gson haitalalamika. Isiyoijua huiacha, na isiyoipata huiachia utupu. Zipo maktaba kali zaidi, kama kotlinx.serialization, zinazokataa kuendelea sehemu ya lazima ikikosekana, na naona ukali huo ni fadhila. Aina moja ya kosa hili hujitokeza tu programu ikishakwenda sokoni. R8, chombo kinachopunguza ukubwa wa programu kabla ya kutolewa, hufupisha majina ya klasi na sehemu zake yakawa herufi mojamoja. Gson hutafuta kwa jina, jina halipo tena, na orodha iliyokuwa na vitu 12 kwenye meza ya msanidi inakuwa tupu kwenye simu za watu wengine wote. Anayelalamika huambiwa kwangu inafanya kazi, na kweli kwake inafanya kazi. Dawa ni kuandika jina la JSON wazi juu ya kila sehemu na kumwelekeza R8 aziache klasi hizo, lakini kwanza lazima mtu akubali kuhesabu kwenye toleo lilelile alilonalo mtumiaji.

Wapo watakaosema kwamba kuandika hesabu kwenye logi ni ushamba siku hizi, na kwamba kusimamisha programu kwenye mstari unaotakiwa na kuangalia vigezo kunatoa picha kamili zaidi. Kwa makosa mengi nakubaliana nao. Kwa orodha tupu nina shaka, kwa sababu kusimamisha hubadilisha saa. Ukisimamisha uzi mkuu kwa sekunde 20 ukichunguza kigezo, jibu la mtandao linapata muda wa kufika na kusubiri foleni, na lile shindano kati ya kuchora na kupokea, ambalo ndilo kosa lenyewe, limeshatoweka. Msanidi huona kila kitu kikiwa sawa chini ya darubini na kikiharibika akiiondoa. Mstari wa logi hauisimamishi programu. Atumie mtu chombo anachokipenda, ilimradi swali lisibadilike: hapa vimeingia vingapi, vimetoka vingapi.

Kuna sifuri nyingine ambazo hakuna msimbo wa msanidi uliozizalisha; mfumo umezitoa kwa kukusudia. Android 11 ya mwaka 2020 iliamua kwamba programu isijue programu nyingine zilizomo kwenye simu ila kwa sababu inayotajwa kwenye manifesti. Anayeomba orodha ya programu zilizosakinishwa hapewi hitilafu. Anapewa orodha iliyochujwa. Android 13 ya mwaka 2022 iligawa ruhusa ya kusoma hifadhi kuwa tatu, za picha, video na sauti, na programu inayolenga toleo hilo ikiendelea kuomba ruhusa ya zamani haipati kitu. Hifadhi ya midia itairudishia tu mafaili iliyoyaunda yenyewe, na kwa programu ya kucheza muziki iliyosakinishwa asubuhi ya leo hayo ni sifuri. Kwenye hifadhidata ya Firestore, ukiomba michango ipangwe kwa tarehe, kila hati isiyo na sehemu ya tarehe huachwa nje ya jibu kimyakimya. Kama hati zote zimeandikwa sehemu hiyo kwa jina jingine, mpangilio peke yake unatosha kuifuta orodha nzima. Na PostgreSQL, tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016, ina ulinzi wa kiwango cha mstari: ukiuwasha kwenye jedwali bila kuandika kanuni yoyote, mtumiaji wa kawaida akisoma hupata mistari 0 na hakuna neno la kumkatalia.

Chujio la tarehe nalo hutoa sifuri za namna hii, na linataka maelezo zaidi, maana kwetu Afrika Mashariki lina saa zake. Seva nyingi hutunza wakati kwa UTC, na Kenya, Tanzania na Uganda ziko saa tatu mbele yake. Ukurasa wa "michango ya leo" ukiomba kwa tarehe ya simu, na seva ikalinganisha na tarehe ya UTC, basi kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku siku hizo mbili hazilingani. Mchango uliothibitishwa saa saba usiku tarehe 15 umeandikwa tarehe 14 kwenye seva. Simu inaomba ya tarehe 15. Jibu ni sifuri. Ikifika saa tisa, michango mipya inaanza kuonekana, na msanidi anayefika kazini asubuhi hakuti tatizo lolote. Rwanda na Burundi, zilizo saa mbili mbele, pengo lao hufungwa saa nane usiku. Hitilafu inayokuja na kuondoka kwa saa maalum kila usiku haihitaji kupekua adapta hata dakika moja.

Sasa lile deni la pili, la kuitenganisha sifuri ya kosa na sifuri ya kweli. Mwaka 2009 jijini London, mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare aliuita uvumbuzi wake wa mwaka 1965, yaani rejeo la null, alama ya thamani isiyokuwapo, alilolitia katika lugha ya ALGOL W, kosa lake la dola bilioni. Lugha za karibuni zimejitahidi kulirekebisha. Kotlin, ambayo Google iliitangaza rasmi kuwa lugha ya Android mwaka 2017, humlazimisha msanidi aseme wazi palipo na uwezekano wa kukosa thamani. Ninachokiona ni kwamba tiba hii imelisha ugonjwa mwingine. Kikusanyi, yaani chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu, kinapogoma kwa sababu jibu la seva linaweza kukosekana, njia fupi ya kukinyamazisha ni kuandika kwamba likikosekana, itumike orodha tupu. Herufi chache, na msimbo unakubalika. Null ingeiangusha programu na kuacha alama. Orodha tupu hupita kila mlango kwa adabu hadi kwenye kioo. Hakuna kikusanyi kinachojua kwamba orodha ile ni ya uongo. Mwanachama wa kikoba anayekuta ukurasa umeandikwa "Hakuna michango" wakati bando lake limekwisha ameambiwa jambo lisilo kweli kuhusu fedha zake, na ana haki ya kumpigia mhazini simu kwa hasira.

Watetezi wa utupu husema mtumiaji wa kawaida asisumbuliwe na habari za seva na mitandao, na kwamba ukurasa mweupe ni mpole kuliko ujumbe wa hitilafu. Wangekuwa sahihi kama ujumbe pekee uliopo ungekuwa namba ya 500 na maneno ya kiufundi. Lakini hali za orodha ni chache na kila moja ina Kiswahili chake: inapakia, imeshindikana kwa sababu hakuna mtandao, imefika na haina kitu, imefika na hivi ndivyo vilivyomo. Kotlin ina klasi zilizofungwa, na Swift ina aina zinazofanana nazo, ambazo humruhusu msanidi kuzitaja hali hizi nne na kukifanya kikusanyi kikatae ukurasa unaoisahau hata moja. Ni msimbo zaidi, kweli. Ila kila hali iliyotajwa ni hesabu moja ambayo hatahitaji kuitafuta usiku wa manane, na kwa mtumiaji, "Hakuna mtandao, gusa ujaribu tena" haisumbui kama kudhani michango yake imepotea.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la usalama. Seva haipaswi kueleza daima kwa nini inarudisha sifuri, kwa kuwa kusema "huna ruhusa ya kuona mchango huu" ni kukiri kwamba mchango upo. GitHub hujibu 404 kwa asiye na ruhusa ya hazina ya faragha kwa sababu hiyohiyo, na PostgreSQL nayo haisemi lolote kuhusu mistari iliyofichwa. Ninaukubali ukimya huo, na siamini unavunja hoja ya sura hii. Kinachofichwa kwa mtumiaji hakilazimiki kufichwa kwa mwenye mfumo. Seva inaweza kuandika kwenye logi zake, zisizofika kwenye simu, kwamba ombi fulani la akaunti fulani lilipata mistari 0 baada ya kanuni za ruhusa. Na msanidi anaweza kutuma ombi lilelile mara mbili kutoka kwenye kompyuta yake, bila programu ya simu kuhusika: mara ya kwanza kwa ufunguo wa msimamizi, ambao hauwekwi kamwe ndani ya programu inayosambazwa, na mara ya pili kwa akaunti ya mwanachama. Msimamizi akipata 12 na mwanachama akapata 0, adapta na kioo havina tena kesi ya kujibu, na kinachobaki ni kufungua kanuni za ruhusa na kuzisoma mstari kwa mstari, ukianza na jedwali ambalo ulinzi wake umewashwa na halina kanuni hata moja.